Mzee wa Kahawa na Ua la Kiatu

Haya, wapendwa, mmekaa vizuri? Wale wa nyuma mnanisikia? Nyie mnaojipepea kwa karatasi za matangazo pepeeni tu, joto ni letu sote, ila masikio niachieni mimi kidogo.

Alikuwapo mzee mmoja, mkulima wa kahawa, huku huku kwetu milimani. Kahawa ndiyo iliyomlea, kahawa ndiyo iliyomwozesha, watoto wake wote wamesoma kwa kahawa. Shamba lake lilikuwa safi mpaka wapita njia wanasimama kulitazama. Na ukimwuliza siri, anakujibu neno moja: maotea. Ninyi wakulima mnayajua. Vile vichipukizi vinavyojitokeza chini ya mbuni. Ukiviacha vinanyonya nguvu zote, mti unazaa hovyo. Mzee huyu hakuwa na mzaha navyo. Akiona otea, kidole gumba na kidole cha shahada, ka! Limekwenda. Hata ukimkuta shambani ukampa habari za msiba, machozi yanamtoka na mkono unavunja maotea.

Mkewe yeye alipenda maua. Si maua kama haya yetu ya hapa madhabahuni, ambayo, Mungu anisamehe, tunayafuta vumbi badala ya kuyamwagilia maji. Alikuwa na okidi, ile wanayoiita ua la kiatu. Hamjaiona? Ua lenyewe limetanua petali huku na huku, na hapo mbele lina kifuko, utadhani kiatu cha mtoto mchanga. Mdudu anatumbukia humo akitafuta asali. Asali hakuna! Na kule alikoingilia kunateleza, hawezi kurudi. Inabidi apenye kwa upenyo mwembamba wa nyuma, na akitoka, anatoka na chavua mgongoni ya kupeleka kwa ua jingine. Muumba wetu ana mambo, nyie.

Mama yule aliinunua ikiwa mche mdogo, kwenye bustani wanakoziotesha kwa mbegu, akaipanda katika chungu chenye vipande vya magome, maana hii haipendi udongo wa shamba. Akangoja. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, majani tu. Majirani wakamcheka wee, "Mama, unafuga magugu ndani ya chungu!" Ilipochanua wote wakanyamaza. Ua lile lilikaa wazi wiki baada ya wiki, na ndizo wiki ambazo mama mwenyewe alikuwa kitandani, anaumwa. Kila asubuhi mumewe alikiweka chungu dirishani, usawa wa macho yake. Mama akafa ua likiwa bado limechanua.

Basi mzee akabaki na ule mmea. Watoto wako mbali, nyumba kimya, na kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumhudumia mkewe ni chungu kile. Ua likanyauka, akaanza kungoja jingine. Alifanya yote aliyomwona mkewe akifanya. Kivuli cha baraza, maji ya mvua, anamwagilia asubuhi na kuhakikisha hayatuami kwenye moyo wa majani yasije yakauozesha. Kila siku kabla hajashika jembe anasimama pale anaomba. "Bwana, nipe ua moja. Moja tu. Nilione kabla sijamfuata."

Mwaka wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Majani yako pale ya kijani, yanang'aa, yanamtazama tu. Mzee akaumia. Akaanza kusema yale maneno ambayo Mkristo huyasema kimoyomoyo: kwani hata ua ni kazi ngumu kwake huyo Mungu? Nani humu hajawahi kuomba hivyo? Msiinamishe vichwa, nawaona.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa mjini akampigia simu. "Mzee wangu, achana na hilo, limezeeka. Nakuletea lililo tayari kuchanua. Nina watu wanayachimba msituni kule Asia yanakotoka." Mzee akashawishika, ila roho ikawa inamsuta. Akamwita rafiki wa marehemu mkewe, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye naye anakuza okidi, amshauri.

Yule mama akaja. Hata chai hakuigusa.

"Shemeji, mtu huyo akipiga tena usipokee. Hizo zinang'olewa porini. Kuna milima ambako leo ukitafuta hata moja huipati, zimemalizwa na watu wanaozipenda kama mimi na marehemu. Na nyingi zinafia njiani. Kitu ukikipenda mpaka ukakimaliza, huo ni upendo gani?"

"Ni kweli, shemeji. Lakini nifanyeje? Hili limegoma. Nadhani limemfuata mwenyewe."

"Hebu nilione kwanza."

Akapiga magoti mbele ya chungu, akayatenga majani taratibu, akachungulia. Kisha akapitisha kidole kule chini kabisa, shina linapotokea.

"Shemeji, hapa kuna makovu. Kulikuwa kunaota nini?"

Mzee akajibu kwa fahari, kifua mbele. "Hayo ni maotea! Yalikuwa hayaishi kutokea, nikayavunja yote. Kwangu mimi otea halipiti. Nimemsafishia mama yao apate nguvu za kuchanua."

Yule mama akajikalia chini palepale sakafuni.

"Jamani, shemeji. Huu si mbuni. Shina la okidi hii huchanua mara moja tu maishani mwake. Likishachanua halichanui tena, hata ulinyweshe maziwa. Ua linalofuata hutoka kwenye hilo chipukizi la pembeni. Ulikuwa unavunja maua yenyewe."

Wapendwa, mmesikia? Anaomba ua. Mungu analituma. Yeye analivunja, pengine hata amina hajaimaliza, halafu kesho anamwuliza Mungu mbona uko kimya! Miaka yote ile Mungu alikuwa anajibu. Mzee aliangalia vidole vyake, akalia kama siku ile ya mazishi.

"Basi nimeliua. Nimeliua ua la mke wangu kwa mkono wangu."

"Acha kwanza, usizike ambaye hajafa," mama akasema, na akaendelea kutafuta. Akainua jani moja la zamani lililokuwa limelalia magome. Chini yake palikuwa na ncha ya kijani, ndogo kama punje ya mchele. "Haya, njoo uone. Hili lilikuponyoka."

Mzee akafuta machozi, na akili ya shambani ikamrudia papo hapo. "Basi tulikate hilo shina la zamani. Si limekwisha kazi? Limpishe mtoto."

"We! Toa mkono! Hili la zamani ndilo linalomnyonyesha. Ukilikata leo, mtoto anakufa njaa. Liache, litapumzika lenyewe wakati wake ukifika."

Akaliacha. Nawaambia, kuacha kulimchosha kuliko kulima. Vidole vinawasha! Ikawa kila akifika barazani anaifunga mikono nyuma ndipo anaomba. Chipukizi likakua polepole, maana okidi hii haikimbizwi na mtu. Na asubuhi moja katikati ya majani yale mapya bua likawa limeinuka, na kwenye ncha yake kuna kiatu kidogo kinafunguka. Mzee akampigia simu shemeji yake, akawa anacheka tu na kulia. Yule mama naye akaelewa.

Sasa tuje kwetu. Sisi tunaomba uamsho katika usharika huu, sivyo? Kila Jumatano tuko hapa tunaomba mpaka sauti zinakauka. Lakini tumeshamchagulia Mungu mahali pa kuuleta: palepale ulipotokea zamani, kwa wimbo uleule, kwa mhubiri yuleyule. Binti anasimama kwa mara ya kwanza kusoma Neno, sauti inatetemeka, sisi tunaguna na kuangaliana. Ka! Yule jirani yetu aliyekuwa haachi pombe amekuja ibadani, amekaa benchi la nyuma peke yake, na mtu mmoja, simtaji, anasogeza mkoba wake. Ka! Mkwe mpya anapendekeza jambo kikaoni, tunamwambia wewe umekuja juzi. Halafu tunarudi nyumbani kulalamika, Mungu wa siku hizi amenyamaza. Amenyamaza wapi? Tulikuwa tunaomba nini, na tulivunja nini?

Na ninyi wazee wangu wa mbele hapa, najua mnachoogopa. Mnaogopa hawa wakichanua ninyi mtang'olewa. Hapana. Mlichanua, tuliona, na harufu yake bado iko kwenye kuta hizi. Hakuna wa kuwakata. Ila kazi yenu sasa ni kunyonyesha, na msipoifanya ninyi, hawa watakula nini?

Najua pia kuna aliyekaa hapa moyo unamuuma, anayakumbuka aliyoyavunja. Mwanawe mwenyewe, labda. Ndugu yangu, lia, hata mzee alilia. Lakini usiondoke kwenye chungu. Yuko mmoja uliyedhani umeshamvunja, na bado yu hai, anakungoja umwinamie. Unamjua. Jina lake limekujia tangu nilipoanza kusema. Ibada ikiisha, kabla hujamsalimia mtu mwingine yeyote, mtafute.