Farasi Anayemfaa Mzee

Bwana Mselem, tajiri wa miaka sabini, alimwahidi mkunga Bi Shekuwe farasi anayemfaa mzee, kwa kuwa magoti yake hayakuweza tena kumfikisha kwa wajawazito. Kisha, kwa ubahili, akampa Radi, dume la Kiarabu aliyemwangusha kila aliyempanda.

"Akikushinda, basi tena," alisema.

Bi Shekuwe alingoja siku Bwana Mselem alipokwenda kuposa mke kijana, akiwa amepanda farasi wake jike wa Kihabeshi. Bi Shekuwe akatokea huko akimvuta Radi kwa kamba, huku akimlisha muwa.

"Farasi mzuri huyu jike!" alisema mbele ya wakwe. "Mfupi, mpana, mpole. Wazee ndio wanaopenda aina hii. Ni wako, Bwana?"

Mchumba alichungulia dirishani.

"Wangu?" alidakia Bwana Mselem. "Kijana kama mimi napanda Radi! Huyo nimekuletea wewe."

"Mungu akuzidishie. Basi panda, wakwe wakuone."

Radi alitoka mbio na Bwana Mselem shingoni. Bi Shekuwe akafuata taratibu juu ya farasi wake mpya. Njiani akaokota kilemba, mbele akaokota kiatu, na kwenye shamba la mihogo akamwokota Bwana Mselem.