Mtoto wa Rangi ya Sultani

Palikuwa na sultani aliyependa rangi moja kuliko alivyowapenda wake zake wanne, na wake wenyewe walishukuru kupata mapumziko. Rangi hiyo ni samawati. Joho samawati, kilemba samawati, hata mswaki aliuchovya rangi hiyo kwanza. Basi asubuhi moja, kazi hana na chai imemchosha, akapiga mbiu: "Chochote chenye rangi ya samawati, au chenye jina la samawati, ni mali ya jumba langu. Na nikishapiga muhuri, sipangui!"

Karani Mshamu akazunguka mji na daftari. Akaandika milango miwili. Akaandika kiraka cha suruali ya mchuuzi wa mbaazi, na mchuuzi akaelekezwa asikikalie. Mzee Fumo alikuwa na jicho moja lililoingia ukungu wa samawati, Karani akalikagua kwa makini, akaandika: "Jicho, moja. Limeachwa kwa mtumiaji kwa muda." Alipoinua uso akaiona mbingu. Akafikiri. Akaandika: "Mbingu, moja. Haikuhamishwa."

Ndipo akafika kwa Zafarani.

Huyu Zafarani alikuwa msuka mikeka, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Ukoo wao una desturi: mtoto huitwa kwa rangi ya ukindu unaochemka chunguni saa anapozaliwa. Yeye alizaliwa chungu kikiwa cha manjano. Shangazi yake alizaliwa siku chungu kinasuguliwa, akaitwa Masizi, na mpaka leo hasemi na mtu. Kwa hiyo Zafarani, uchungu ulipomjia, alikimbilia chunguni kwanza kutia rangi aliyoitaka, ndipo akaita mkunga. Akazaa binti. Siku ya saba mtoto akanyolewa, akaitwa Samawati. Siku ya nane ikapigwa mbiu.

"Mtoto ni wa jumba," akasema Karani. "Kesho umlete. Atalelewa jikoni, awe mtumishi."

Zafarani akamvuta mtoto kifuani. "Basi namwita Hudhurungi, yaishe."

"Bibie! Kuibadili jina mali ya Sultani ni wizi. Abadiliye ni mwenye mali."

Zafarani alikuwa amekwisha fungua kinywa alie. Akakifunga.

"Hebu sema tena, Karani."

"Abadiliye ni mwenye mali."

"Ahsante, baba. Kesho namleta mwenyewe."

Kesho yake akaazima punda wa jirani, akapanda na mtoto wake kifuani mpaka jumbani. Akamfunga punda mlangoni, akaingia barazani.

"Mwanamke, umeleta mali yangu?" akauliza Sultani.

"Nimeleta, bwana wangu. Pokea." Na kabla Sultani hajasema hili wala lile, akamwekea mtoto mapajani. Mtoto akamtazama, akatulia, akalowesha joho.

"Amenikojolea!"

"Amekutambua, bwana wangu. Huyu hakojolei mgeni."

"Mpelekeni jikoni upesi!"

"Jikoni ndiko kwenyewe, bwana wangu. Lakini mpishi wako, nasikia ana mdomo?"

"Mpishi wangu hutukana hata chumvi!" akasema Sultani kwa fahari.

"Basi ndiyo hayo yanayonitia wasiwasi. Kila siku mji mzima utasikia mpaka sokoni: 'Samawati, mvivu wee! Samawati, unanuka vitunguu! Samawati, toka hapa nisikuone!' Na wewe huku umekaa, umeivaa rangi hiyo hiyo."

Kadhi, aliyekaa kando ya Sultani, akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua.

"Asiitwe hivyo!" akafoka Sultani. "Mpe jina jingine!"

"Mimi? Niibadili jina mali ya jumba? Unikate mkono! Muulize Karani, jana amenisomesha vizuri."

Karani Mshamu akavuta kanzu, akasimama wima. Hakuna siku aliyowahi kunukuliwa mbele ya watu. "Ni kweli tupu, bwana wangu. Abadiliye ni mwenye mali."

"Basi nabadili mimi!" Sultani akatazama huku na huku, macho yakaangukia ndevu za kadhi. "Aitwe Kijivu!"

"Jina tamu," akasema Zafarani. "Liandikwe?"

"Andika!"

"Na muhuri, bwana wangu? Mpishi asije akabisha."

"Piga!"

Karani akaandika, akapiga muhuri. Zafarani akasubiri wino ukauke. Aliukodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

"Karani, baba yangu, ile mbiu inasemaje?"

"Chochote chenye rangi ya samawati, au chenye jina la samawati, ni mali ya jumba."

"Huyu anaitwa nani?"

Karani akatazama daftari. "Kijivu."

"Na rangi yake?"

Karani akamtazama mtoto. "Maji ya kunde."

Karani akasoma ukurasa upya, kisha akaupindua, labda nyuma yake palikuwa na msaada. Hapakuwa. "Bwana wangu," akanong'ona, "katika orodha ya mali ya jumba, huyu... hayumo."

"Upangue huo muhuri!"

"Wewe hupangui, bwana wangu. Nayo imeandikwa katika mbiu," akasema Karani.

Zafarani akamtwaa mtoto kutoka mapajani pa Sultani, akampa ziwa, akaelekea mlangoni. Nje, yule punda akalia. Sultani akaruka kutoka kitini, joho linadondosha matone, kidole kiko juu.

"Ngoja! Kuanzia leo, kijivu nacho—"

"Kabla hujamaliza, bwana wangu," akasema Zafarani pale kizingitini, "punda wa mji huu ni mia nne, na wote kijivu. Huyu wangu aingie sasa, au awasubiri wenzake?"