Saini Sita za Mshauri

Kaeni, ndugu zangu. Najua wengi wenu mmeshinda wiki nzima kwenye foleni za usajili, na mimi mwenyewe leo mwili umechoka. Sitasema mengi.

Alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa ualimu wa sekondari. Mwerevu, tangu aingie chuoni hajafeli hata somo moja. Lakini kila mhula usajili ulipofunguliwa alimgeukia mwenzake wa chumbani. "Wewe umechukua kozi gani?" Akitajiwa, anajaza hizo hizo. Mwongozo wa shahada yake hakuwahi kuufungua. Kisha anapeleka fomu kwa mshauri wake wa masomo, mwalimu aliyepewa wanafunzi mia na ishirini wa kuwashauri.

"Mwalimu, ni saini tu."

"Kozi zako zote za lazima zimo?"

"Zimo, Mwalimu."

Mwalimu anasaini. Nje wanafunzi bado wamejaa. Mihula sita, saini sita.

Wiki tatu kabla ya mahafali, orodha ya wahitimu ikabandikwa. Binti akaisoma juu mpaka chini, akarudia. Jina lake halimo. Akaingia ofisi ya mitihani. Mama mmoja karani akafungua kumbukumbu zake.

"Binti, hujasoma kozi ya upimaji wa wanafunzi. Kwa walimu wa sekondari ni ya lazima."

"Mbona mwenzangu hajaisoma, na jina lake lipo?"

"Mwenzako amesomea elimu ya watu wazima. Wewe je?"

Kozi ile ilifundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ilibidi asubiri.

Jioni akampigia baba yake, ambaye alikuwa amekwishawaalika ndugu kwenye mahafali.

"Kwani ulifeli, mwanangu?"

"Sikufeli, baba."

"Sasa mbona hawakupi?"

Mngemjibu nini, ndugu zangu? Maana yeye alikata simu.

Kesho yake alimfuata mshauri kwa hasira, akamwekea nakala za fomu mezani.

"Saini hizi ni za nani?"

"Ni zangu."

"Ulisoma ulichokisaini?"

Mwalimu akazichukua fomu zile, akazipitia moja moja, polepole. Ndiyo kwanza anazisoma.

"Hapana, binti yangu. Sikusoma. Nilikuuliza wewe."

Hasira ikamwishia. Akavuta kiti, akakaa. "Na mimi sikusoma," akasema. "Nilimuuliza mwenzangu."

Alirudi mwaka mzima kwa ajili ya kozi moja. Akaifaulu vizuri tu, akavaa joho. Lakini baba yake alikuwa amefariki mwezi Machi. Mshauri alikwenda kwenye mazishi. Wakampa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya chuo, akasimama, akashindwa, akakaa chini. Ninajua kwa sababu mshauri yule ni mimi.

Ndiyo. Mnanitazama. Sikuiba, sikutukana mtu, sikumwonea yeyote. Nilichoka tu, nikasaini. Je, ni mara ngapi sisi tunaitikia "Amina" kwa maombi tusiyoyasikiliza? Wazazi tunauliza "Unasoma vizuri?" tukijibiwa ndiyo, tunaendelea na shughuli zetu. Wanafunzi mnauliza wenzenu, ambao nao wanauliza wenzao. Wote tunapendana, na hakuna hata mmoja aliyesoma karatasi. Mungu husamehe, hilo ninaliamini kwa moyo wote. Yule binti pia amenisamehe, aliniambia mwenyewe. Lakini ule mwaka hakuna aliyeweza kumrudishia, na baba hakuona.

Usajili unafungwa Jumatano. Kesho kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini. Njoo na mwongozo wako, si wa rafiki yako. Tutausoma pamoja mstari kwa mstari, na ukisema una haraka, nitakuomba ukae.