Fisi Aliyejirekebishia Nguvu

Mwaka ule jua lilikausha mito yote. Kikabaki kisima kimoja tu, nacho jiwe kubwa likaporomoka likakiziba mdomo. Simba, ambaye hajawahi kuinama kwa kazi yoyote, akatangaza: "Mwenye nguvu ataondoa jiwe, awe mlinzi wa kisima. Atakunywa wa kwanza, baada yangu."

Fisi jike hakusikia lingine ila "atakunywa". Akakimbilia kwa Sungura.

"Sungura ndugu yangu, Simba atamjuaje mwenye nguvu?"

"Ameniagiza nikague vidole vya miguu," Sungura akasema. "Inasemekana mtoto akiwa tumboni hupata homoni, na aliyezipata kwa wingi huenda akakua shupavu. Dalili yake, kidole cha nne hukizidi cha pili."

Fisi akatazama wayo wake. Vidole vilikuwa sawa! Akamlaani mama yake aliyemzaa hivyo. Kisha akajificha kichakani, akafumba macho, akakitafuna kidole cha pili mpaka kikawa kifupi. Alilia kidogo, halafu, kwa kuwa ni fisi, akakimeza.

Asubuhi alijipaka tope kwenye jeraha, akajipanga mbele ya wote. Sungura akapima, akashangaa.

"Cha nne kimezidi! Tena sana!"

"Mnaona?" Fisi akawakoromea wenzake. "Mimi nilikamilika tumboni. Wewe Muhanga, na vidole vyako hivyo, nenda ukalale."

Muhanga, mchimbaji wa mashimo, akainama kutazama udongo chini ya jiwe.

Fisi akaegemeza kifua kwenye jiwe, akakaza miguu. Tope likabanduka, damu ikachuruzika, akaanguka chali akipiga mayowe. Wanyama wakacheka hadi wakaishiwa pumzi.

Sungura akainama kutazama. "Hiki kimetafunwa! Pumbavu, nilikwambia ni dalili, wewe ukaifanya dawa? Na hata hiyo dalili, nilisema huenda!"

Muhanga akasogea, bila kuulizwa habari za vidole. Akafukua udongo chini ya jiwe, akafukua tena, mpaka likabingirika lenyewe. Simba akanywa, Muhanga akanywa, wakafuata twiga na nyani, hata panya.

Zamu ya Fisi ilipofika lilikuwa limebaki tope. Akalilamba huku akichechemea, akimweleza kila aliyepita kwamba kosa lote ni la mama yake.