Mkono Ambao Haukunyooshwa

Wapendwa, kaeni. Ninyi wa nyuma sogeeni mbele, viti vitupu ni vingi na mimi sina sauti ya kuwafuata huko. Leo nitawasimulia habari za mpira wa kikapu. Naona mama mmoja ameshaguna. Vumilia, mama. Utaelewa, na ukishaelewa hutafurahi.

Palikuwa na refa mmoja wa ligi ya vyuo. Siku za kazi alifundisha shule ya msingi, Jumamosi akining'iniza filimbi shingoni na kwenda kuchezesha. Ligi ile ilikuwa na desturi yake, wala hakuna aliyejua ilianzishwa na nani. Mchezaji akimgonga mwenzake isivyo halali, alinyoosha mkono juu yeye mwenyewe. Mkono ukishanyooka, filimbi ikafuata, aliyegonga akamwinua aliyeanguka, mchezo ukaendelea. Hakuna aliyezomewa kwa kunyoosha mkono. Wazee waliokuja kutazama wajukuu wao walikuwa wanampigia makofi mtu wa namna hiyo zaidi kuliko hata aliyefunga.

Halafu fedha zikaingia.

Sasa msinisingizie. Sijasema fedha ni mbaya. Miaka mingi vyuo vile vilijaza kumbi na kuuza tiketi, na kijana aliyekuwa akitoka jasho alirudi bwenini kula maharage yenye wadudu. Akipata mdhamini akamtumia mama yake pesa ya kuezekea nyumba, mimi nani nimnunie? Lakini fedha ikiingia nyumbani inataka kiti, na ikishakaa inataka kusikilizwa. Tangu siku zile, kila filimbi iligusa mfuko wa mtu. Refa akipuliza, kuna aliyeibiwa. Asipopuliza, kuna aliyeibiwa pia. Redioni ni marefa, vijiweni ni marefa, kwenye simu ni marefa. Watu ambao hawajawahi kushika mpira wakawa mabingwa wa sheria zake.

Chuo kimojawapo kilikuwa na nyota wake. Kijana mrefu, mpole, mtoto wa watu. Alipopata mkataba, picha yake ikawekwa kwenye bango kubwa la soda pale njia panda, na akapewa wakala wa kumsimamia. Wakala yule siku ya kwanza tu alimketisha chini.

"Bwana mdogo, huo mkono wako usiunyooshe tena," alimwambia. "Unawapa wenzako mpira bure, na mwenye mkataba amekaa anakutazama. Kama umemgusa mtu, aone refa. Ndiyo kazi yake."

"Na refa asipoona?"

"Basi hukumgusa."

Mmesikia? Asipoona, basi hukumgusa. Kijana alikuwa amelelewa vizuri, kwa hiyo maneno yale yalimkaa vibaya, lakini hakuyatema.

Ikaja fainali. Ukumbi umejaa hadi watu wameketi kwenye ngazi. Timu ya nyota inaongoza kwa pointi moja na muda unakwisha. Mchezaji wa upande wa pili, kijana wa mwaka wa mwisho ambaye hakuwa na mdhamini wala bango, akapata mpira, akaruka kufunga. Nyota alikuwa nyuma yake. Akiwa hewani, nyota akamsukuma kiunoni kwa kiganja. Msukumo mdogo tu, ule usioonekana na watu wa majukwaani. Yule kijana akapinduka, mpira ukamtoka, akaangukia goti, na waliokuwa karibu walisikia mlio ambao hawakupenda kuusikia tena.

Watu wakamtazama refa. Alikuwa amesimama pembeni, filimbi iko mdomoni. Hakupuliza. Kengele ya mwisho ikalia, na kwa sheria za ligi ile, kengele ikishalia filimbi haina kazi tena. Upande mmoja wakakumbatiana. Upande wa pili wakaanza kurusha chupa.

Nyota alisimama pale, mikono yake iko ubavuni. Kisha wenzake wakambeba juu juu, na akakubali kubebwa.

Juma zima nchi haikuwa na habari nyingine. Runinga zilirudia picha za anguko lile mara nyingi, lakini kamera zote zilionyesha mgongo wa nyota, na mgongo hausemi. Wengine walisema refa ni kipofu, wengine kwamba amekula. Hawa wa kula walikuwa wengi zaidi, maana siku hizi tukiona mtu ameshindwa jambo tunauliza kapewa ngapi. Chama cha ligi kikamnyang'anya filimbi. Wanafunzi wake darasani wakawa wanafumba macho akiingia, wanajifanya kupapasa madawati. Hata kanisani, alipotoa sadaka, mtu wa nyuma alinong'ona kwamba ametoa zilezile. Kanisani, jamani. Sijasema kanisa gani, mbona mnatazamana?

Nyota alikuwa anasikia yote. Neno moja lake lingemwosha refa yule mzee, na hakulisema. Alisema moyoni: nitasema mkataba ukishatiwa saini upya. Ukatiwa. Akasema: ngoja maneno yapoe. Yakapoa, na hapo ikawa vigumu kuyachokoza. Ninyi mnaijua hiyo kesho yetu ilivyo.

Yule aliyeanguka walimpasua goti, likapona vibaya. Aliacha mpira. Nyota alipomwona siku moja anavuka barabara kwa gongo, chini ya lile bango lenye picha yake, usingizi ulimkimbia. Baada ya hapo akaenda nyumbani kwa refa.

Alimkuta uani anasahihisha madaftari ya watoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kukuomba msamaha. Nilimsukuma. Wewe hukuona kwa sababu nilikuwa nimekupa mgongo, na mimi nikanyamaza ukachafuliwa jina. Nitakwenda redioni niwaambie hukuwa na kosa, kwamba hukuona."

Mzee akaweka kalamu chini.

"Usiende kuwadanganya watu kwa ajili yangu," alisema. "Niliona."

Kijana akadhani hakusikia vizuri.

"Niliona kiganja chako kinamgusa. Nilikuwa hatua chache tu."

"Sasa kwa nini hukupuliza?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Sisi wa zamani tulifundishwa kumpa mtu nafasi anyooshe mkono kwanza, ili awe amekiri, asiwe amekamatwa. Wenzangu waliacha siku nyingi. Mimi nilikukumbuka ulivyokuja mwaka wa kwanza, ulikuwa unanyoosha hata pale ambapo sikuona kitu. Nikasema huyu atanyoosha tu. Huyu ninamjua. Nikangoja, nikangoja kidogo tena, kengele ikalia. Nimelikosea lile goti, na sina wa kumsingizia. Ndiyo maana sijajitetea."

Taratibu, kijana akaunyoosha mkono wake wa kulia juu, pale uani, katikati ya nguo zilizoanikwa.

Mzee alimtazama, na machozi yakamtoka.

"Ushushe, mwanangu," alisema. "Mpira umekwisha."

Wapendwa, sasa niacheni niseme na ninyi, maana yule kijana hayumo humu. Waliomo ni sisi.

Ulipokwenda barazani ukaapa kwamba mpaka wa shamba unapita pale, na unajua haupiti pale, ulikuwa unasikilizia. Ulisubiri ulimi ukauke. Haukukauka. Ulilala, ukaamka mzima, ukanywa chai. Ukasema moyoni: kumbe hakuna aliyeona. Wewe uliyemsema dada wa watu mpaka uchumba ukavunjika, ulisikia filimbi? Na wewe uliyemwacha mdogo wako afukuzwe nyumbani kwa kosa lako, miaka imepita, mbingu zimekemea? Kimya. Kimya kile tumekisoma vibaya. Tumekifanya hati ya kutokuwa na kosa. Wenye ujuzi zaidi tumegeuka hata kumlaumu Mungu: mbona haoni, mbona maovu yanaendelea, mbona amenyamaza? Tumemjadili kama wale watu wa redioni.

Aliona. Alikuwa hatua chache tu. Anakujua tangu ulipokuwa mtoto unayesema ukweli bila kuulizwa, na bado anasema huyu atanyoosha tu.

Na hapa sitaki kuwafariji, maana mfano huu hauna faraja nyingi. Subira hiyo ina gharama, na wewe hukuilipa. Kila siku unayosubiriwa, kuna mtu anavuka barabara kwa gongo. Yule dada bado anakaa kwa wazazi wake. Yule mdogo wako hajui kwamba unajua. Kuomba msamaha kwa Mungu usiku chini ya shuka ni rahisi, hata yule nyota angeweza. Lakini goti halikuwa la Mungu.

Mwimbishaji, kaa kwanza, hatuimbi. Tokeni polepole. Kila mmoja wetu anaijua nyumba ya mtu aliyemwangusha, na leo hakuna mvua.