Mwaloni wa Mpakani

Mangmaya alikuwa ameshauangusha mwaloni mkavu, sasa anaupasua. Kila shoka liliposhuka, gome liliruka, na uoto mweusi, laini kama nywele za mtoto, ukatawanyika topeni. Hiyo ndiyo yangbeni. Huota polepole kwenye miti iliyokufa huko mlimani, na kwa kuwa miti mikavu karibu yote ilikuwa imeishia mekoni, pande zile ulibaki mwaloni huu mmoja, mpakani mwa shamba lake na la wifi yake, Phungma.

Kesho kutwa wakwe wa binti yake, Anjila, wangekuja kwa karamu ya harusi. Kwa Walimbu, watu wa milima hiyo, harusi bila utumbo wa nguruwe uliojazwa yangbeni ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Asubuhi ile Mangmaya alipanda na kapu, akakuta mti umechunwa upande wote wa chini. Hakuuliza. Moyo ulimchemka kama chungu kilichofunikwa, akarudi kuchukua shoka.

"Nikikosa mimi, naye akose," alisema, akapiga tena.

Phungma akatokea njiani, ungo mkononi. Akautazama mti uliolala.

"Wifi, umelewa asubuhi yote hii?"

"Muulize mwizi."

"Mwizi gani?"

"Mwenye mkono mrefu kuliko shamba lake."

Phungma akaufunua ungo. Ilikuwa yangbeni, imechemshwa kwa majivu na kusuuzwa mpaka uchungu ukaisha. "Shangazi ndiye humwandalia bi harusi. Au kwenu hamkufundishwa?"

Mangmaya aliijua desturi hiyo. Angeweza kunyamaza. "Ukoo wenu ndivyo ulivyo," alisema. "Mkono kwanza, mdomo baadaye."

"Ukoo wetu ndio unaokulisha."

Phungma akateremka moja kwa moja hadi bandani, huku Mangmaya akimfuata, akaumimina ungo wote kwenye hori la nguruwe wa harusi.

Anjila alitoka jikoni, akamkuta nguruwe anatafuna. "Basi ameshajijaza mwenyewe," alisema bila kucheka. "Niwaambie wakwe zangu wamle mzima?"

Akachukua kapu, akapanda mlimani, akapiga magoti topeni na kuanza kuokota uzi mmoja mmoja kutoka kwenye vibanzi vya mwaloni. Mama yake akamfuata. Baadaye Phungma naye akaja, akachutama upande wa pili wa gogo, mgongo amewageuzia.

"Unaikanyaga," alisema Mangmaya.

"Aliyeimwaga chini nani?"

Giza lilipoingia, kapu lilikuwa halijafunikwa hata kitako. Wakatandaza turubai juu ya vibanzi ili waendelee kesho.

"Na mwakani tutachuma wapi?" Anjila aliuliza.

Mama yake na shangazi yake walikitazama kisiki. Kisha wakateremka, kila mmoja kwa njia yake, bado wamenuna. Kweli, hasira hasara.