Kiboko Aliyechanjiana na Faru

Nina ngano, niitoe?

— Itoe, bibi!

Ni chungu kama mwarobaini!

— Tutaimeza!

Haya, kaeni vizuri. Wewe Kombo, toa kidole puani, hakuna dhahabu humo. Ngano hii mimi siipendi, lakini mmeing'ang'ania. Sikieni basi.

Hapo zamani, zamani hasa, palikuwa na Mfalme Kiboko. Mto wote ulikuwa wake, tangu unapochimbuka mpaka unapoingia baharini. Akipiga mwayo, wanyama wa ng'ambo husimama wima. Hata Ndovu, na ukubwa wake ule, akitaka kunywa alibisha hodi kwanza.

Lakini miaka haimwogopi mfalme. Kiboko akazeeka, meno yakaanza kung'oka. Lilipong'oka jino la kwanza, Ndovu akachukua mto wa juu. Lilipong'oka la pili, Nyati akachukua mto wa chini. Lilipong'oka la tatu, hapakuwa na aliyebisha hodi tena.

Kikabaki kitu kimoja tu, Bwawa la Matete. Humo walizaliwa wajukuu wake, humo walinyonya. Kiboko bila maji ngozi humpasuka, mnajua. Bwawa lile likienda, na wajukuu wamekwenda.

Mwaka ule ukaja ukame, na pamoja na ukame vikaja vita vikuu. Faru wa nyika ya mbali aligombana na Ndovu. Nyati akasimama upande wa Ndovu. Nchi nzima ikawa inaulizana, "Wewe wa nani? Na wewe je, wa nani?"

Kiboko akawa hali, hanywi. Akamwambia mkewe, Bi Sikudhani, "Mke wangu, Ndovu analimezea mate bwawa letu. Peke yetu hatumwezi. Lazima nipate mwenzangu."

Akajikokota, akajikokota, mpaka kwa Nyati.

"Shikamoo, mzee," akasema Nyati.

"Marahaba. Nyati, babu yangu na babu yako walikula majani mamoja. Mwambie rafiki yako Ndovu asiguse bwawa langu, nami nitakuwa upande wenu."

"Mzee, vita vya nini na umri huo? Nenda nyumbani ukapumzike. Ukitulia, nani atakugusa?"

"Basi niapie."

Nyati akatazama juu, akatazama chini. "Aa, mzee! Tuapizane kwani hatuaminiani?"

Kiboko akaondoka. Akajikokota, akajikokota, mpaka kwa Ndovu mwenyewe.

"Karibu, babu," akasema Ndovu.

"Ndovu, nimekuja kwa miguu yangu. Nitakuwa nawe dhidi ya Faru. Niachie bwawa tu."

Ndovu hakumcheka. Laiti angemcheka! Alimwambia kweli tupu. "Babu, nikikufanya mwenzangu nitakuwa nimejifunga mikono. Ninachokitaka mimi unacho wewe. Mwenzangu nitamnyang'anyaje? Afadhali usiwe mwenzangu."

Kiboko akatoka pale machozi yanamchuruzika. Akajikokota siku tatu mpaka nyika ya mbali, kwa Faru.

Faru kumwona tu, akapiga magoti. "Mfalme! Mfalme wa mto wote! Umekuja kwangu mimi?"

Jamani, miaka mingapi Kiboko hajaitwa hivyo! Moyo ukamyeyuka kama samli juani. Faru akasema, "Nakuja kwako baada ya siku saba, tuchanjiane. Tuwe ndugu."

Kiboko akarudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Bi Sikudhani akamwuliza, "Mume wangu, huyo Faru unamjua?"

"Hajawahi kuninyang'anya hata tone la maji."

"Hajakunyang'anya kwa sababu anakaa mbali!"

Kiboko akakasirika. "Sasa unataka nifanyeje? Nyati kanipiga chenga, Ndovu kaniambia usoni. Nimwendee nani, Sikudhani? Nitajie jina moja, niende sasa hivi."

Bi Sikudhani akafikiri. Akafikiri tena. Hakuwa na jina. Hapo ndipo ngano hii inaponichoma mimi, watoto wangu, maana mwanamke yule alikuwa na akili, na akili yake haikumfaa kitu. Mfa maji hukamata maji.

Siku ya kuchanjiana ikafika. Desturi mnaijua? Kabla wembe haujagusa kifua, kila mmoja hutaja sharti lake. Damu ikishatoka, hakuna la kuongeza wala la kupunguza. Na ndugu wa kuchanjia akikuita, huulizi kwa nini. Ukikataa, kiapo kinakula wewe na uzao wako.

Faru akataja lake mbio mbio. "Nikimwita ndugu yangu, aje popote nilipo."

Shahidi aliyeshika wembe akamgeukia Kiboko. "Na lako?"

Hapo alitakiwa aseme neno moja tu, bwawa. Lakini Faru alikuwa bado anamwita Mfalme, Mfalme, na Kiboko aliona aibu kuonekana mwenye kuogopa. Akavimbisha kifua, akasema, "Langu ni hilo hilo la ndugu yangu."

Bi Sikudhani akajishika kichwa. Wembe ukapita.

Haikuchukua mwezi. Faru akaita mara ya kwanza, "Ndugu yangu, Ndovu yuko nyikani, niletee wanao!" Wana wakatoka majini, wakaenda. Hawakurudi.

Akaita mara ya pili, "Niletee wajukuu!" Wajukuu wakaenda, wengine hata meno hayajakomaa. Hawakurudi.

Akaita mara ya tatu, "Njoo mwenyewe! Damu nzito kuliko maji!" Kiboko akatoka bwawani. Fikirini, bwawa alilotafutia ndugu ili alilinde, akaliacha bila mlinzi kwa ajili ya huyo ndugu.

Nyikani hapakuwa na kivuli ila kimoja, na Ndovu alikuwa amesimama ndani yake. Hakupigana hata. Alisubiri. Jua likafanya kazi. Jasho jekundu likamtoka Kiboko mwili mzima, ngozi ikapasuka, akaanguka kwa magoti. Faru alipoona mambo yameharibika, akasema, "Ndugu yangu, shikilia hapo hapo, naenda kuita wengine." Mpaka leo anawaita. Ndovu naye akamwacha Kiboko pale pale, akashika njia ya bwawani.

Kiboko akarudi nyumbani peke yake. Nusu ya bwawa amelala Ndovu, nusu amelala Nyati. Nje, kwenye tope lililokauka, amekaa Bi Sikudhani na kitukuu mmoja, mdogo, ngozi imeanza kupasuka mgongoni. Mtoto analia, "Maji, bibi. Maji."

Kiboko akamwuliza Nyati, "Niambie kweli, sina tena cha kunidanganyia. Ningetulia kama ulivyoniambia, mngeniachia?"

Nyati akamtazama Ndovu. Kisha akainamisha kichwa. "Mzee, siku ile ulipokuja kwangu, mimi na Ndovu tulikuwa tumeshagawana."

Bi Sikudhani akamwinua mtoto. "Twende."

"Twende wapi?"

"Twende tu."

Wakaenda, jua liko utosini. Mtoto akalia mpaka akanyamaza. Nao hawakusimama kutazama kwa nini amenyamaza.

Mafunzo? Mafunzo ni haya: rafiki hutafutwa meno yangalimo kinywani. Yakishang'oka, huchagui rafiki. Unachagua tu nani akuumize kwanza, na huyo utamwita ndugu, kwa sababu hukuachiwa jina jingine la kumwita.

Mimi nimefika mwisho, mbele yake sipajui. Ikiwa njema gawaneni, ikiwa mbaya niachieni mwenyewe.